Filamu fupi ya hifadhi ianze na jambo moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu filamu fupi za hifadhi za taifa, hizi za dakika mbili mpaka tano zinazozunguka kwenye simu za watu. Zimekuwa nyingi, na tunafurahi kwa dhati kuona vijana wa Kitanzania wakishika kamera wenyewe. Lakini nyingi zinafanana kama mapacha. Droni inapaa juu ya mto, simba anapiga miayo, twiga anatembea polepole kupita kiasi, jua linazama, muziki wa kinanda unafunika kila kitu, kisha jina la hifadhi linatokea kwa Kiingereza. Ukilifuta hilo jina, hutajua kama uko Ruaha, Tarangire au Katavi. Kasoro ndiyo hiyo, na kuirekebisha hakuhitaji kamera ya mamilioni.

Tanzania ina hifadhi za taifa 21, na kila moja ina chake. Kitulo, kule juu kati ya Mbeya na Njombe, huchanua kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua ambao waongoza watalii wengi huukwepa. Katavi, kiangazi kikikaza, viboko hurundikana kwenye tope la mto Katuma mpaka huoni nafasi ya kupitisha mguu. Saadani inagusa Bahari ya Hindi. Udzungwa unaitembea kwa miguu, na maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kutoka msituni. Anayetaka kuonyesha uzuri wa hifadhi ajiulize kwanza: hapa kuna nini ambacho jirani hana, na kinatokea mwezi gani? Akishapata jibu, achague jambo moja tu. Dakika nne haziwezi kubeba simba, tembo, ndege, maporomoko, chumba cha hoteli na salamu za mheshimiwa.

Tuchukue Ruaha, kilomita zipatazo 130 magharibi ya mji wa Iringa, ili tusiongee hewani. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto, na mto ndio roho ya mahali pale. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa vipande wakati wa kiangazi, kwa sababu maji huvutwa kwa wingi kule juu kwenye bonde la Usangu kabla hayajafika hifadhini. Kwa hiyo kati ya Agosti na Oktoba, na hasa kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi, kuna tendo moja la kuchukulia filamu nzima: tembo anachimba maji. Anakwangua mchanga kwa mguu wa mbele, anautupa pembeni kwa mkonga, shimo linaingia chini, anasimama. Maji yanachuja taratibu, yanatulia, ndipo anakunywa. Akiondoka, wanaongojea ukingoni wanateremka: nyani, ngiri, kanga, swala pala. Shimo moja linanywesha ukoo mzima wa porini. Hiyo ni filamu kamili, ina mwanzo, ina kungoja, ina mwisho, na hakuna aliyekimbizwa wala kuliwa.

Sasa kazi yenyewe. Ruaha jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, na mwanga mzuri, ule wa pembeni unaochora mikunjo ya ngozi ya tembo, unakaa mpaka saa 2 hivi. Hurudi saa 11 jioni. Katikati ya hapo mambo mawili huharibika. Kwanza, jua likiwa utosini, macho ya mnyama yanakuwa mashimo meusi. Pili, ardhi ikipata moto, hewa juu yake huanza kucheza, na picha iliyopigwa kwa lenzi ndefu kutoka mita 200 hutetema kama unaitazama ndani ya maji. Wengi hudhani lenzi imeharibika au fokasi imekosewa, wanahangaika nayo kutwa. Lenzi haina kosa. Ni joto, na hakuna programu ya kuhariri itakayoliondoa. Ukiona mtetemo huo, acha kupiga cha mbali. Piga kilicho karibu, au chukua sauti, au lala.

Mchanga mweupe wa mto una mtego wake. Kamera ikiwa kwenye otomatiki huuona mchanga ule, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na tembo anatoka donge jeusi. Panda mwanga kidogo, kuanzia theluthi mbili mpaka stopu (hatua ya mwanga) moja nzima juu ya kile kamera inachopendekeza, huku ukichunga mchanga usiungue ukapoteza chembechembe zake. Rangi nayo usiiachie otomatiki. Tembo akiingia na kujaza fremu, kamera hubadilisha rangi katikati ya shoti, mchanga unakuwa wa bluu halafu unarudi njano, na shoti hiyo hutaiunganisha na nyingine yoyote. Funga kwenye kelvini 5600, kipimo cha rangi ya mwanga, wakati wa mchana, ukae hapo.

Kwa mwendo, piga fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Juani hapo picha itakuwa nyeupe mno, kwa hiyo unahitaji filta ya kupunguza mwanga mbele ya lenzi, ile wanayoiita ND. Asiye nayo hupandisha shata mpaka 1/2000, na hapo mchanga unaorushwa na mkonga huonekana kama nukta zinazorukaruka, haumiminiki. Kuhusu mwendo wa polepole, tunaomba uhurumiwe kidogo. Tembo tayari ni mzito na mtulivu. Ukimpunguza mwendo tena unamnyang'anya uzito wake, na zaidi ya hapo unapoteza sauti, kwa kuwa shoti iliyopigwa kwa fremu 100 haiwezi kutembea na sauti yake ya kweli. Weka shoti moja ya namna hiyo katika filamu nzima, labda ile ya mchanga ukimwagika kutoka kwenye mkonga.

Kamera itulie. Ndani ya gari tripodi haifungukii, basi shona kifuko cha jinzi nzito au turubai jepesi, ukubwa wa mto mdogo, ukijaze maharage kilo mbili mpaka tatu, ukifunge. Usikijaze mpaka juu, acha kama theluthi moja wazi. Kikijaa kinakuwa kigumu kama jiwe na lenzi inateleza juu yake. Kikiwa legelege kidogo, maharage yanasogea, yanaikumbatia lenzi, inakaa. Weka kwenye kioo kilichoshushwa au juu ya paa lililo wazi. Kisha dereva azime injini, na kila aliyemo ndani aache kuhama kiti, maana gari lenye springi laini humtikisa mwenye kamera hata mtu akijikuna tu.

Shika kila shoti sekunde 15 hata kama unajua utatumia tano. Mnyama hufanya jambo lake mara tu unapokata. Kama lazima uizungushe kamera, kitu kilichoko upande mmoja wa fremu kichukue sekunde zipatazo saba kufika upande wa pili. Chini ya hapo mandhari yanachanika na mtazamaji anashikwa na kizunguzungu.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Ailaze simu, afute lenzi kwa kitambaa safi kila anapotaka kupiga, kwa sababu vumbi jekundu na mafuta ya kidole ndiyo yanayoleta ule ukungu mweupe dhidi ya jua. Abonyeze na kushikilia kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Asizumu kupita lenzi halisi ya simu. Zaidi ya pale simu inatanua tu picha na manyoya yanageuka uji. Mnyama akiwa mbali, mpige akiwa mdogo ndani ya nchi yake pana, na mibuyu nyuma yake. Nayo ni picha ya kweli. Ruaha ina mibuyu iliyochunwa na tembo, wanaotafuna maganda na mti wenyewe kwa ajili ya maji yaliyomo, na mbuyu uliotobolewa namna hiyo hausogei, haukimbii, unakungoja na simu yako mpaka mwanga uwe sawa.

Tukija kwenye sauti tunaomba msomaji akae vizuri, kwa sababu hapa ndipo filamu zetu nyingi zinapokufa. Tunasikia mlio wa ndege asiyekuwepo Afrika ukiwekwa juu ya mbuga zetu. Tunasikia simba akinguruma wakati midomo yake inapiga miayo. Mzee yeyote wa Idodi au Tungamalenga, vijiji vilivyo njiani kuelekea Ruaha, akiitazama anajua amedanganywa. Sauti ya hifadhi ndiyo inayomwambia mtu kuwa pale ni pale: furukombe akiita juu ya maji, hondohondo kwenye mgunga mkavu, kanga wakipiga kelele wakishuka kunywa, na ule mnguno mzito wa tembo anapomjibu mwenzake.

Kurekodi si kazi ngumu, ni kazi ya kunyamaza. Kifaa kidogo cha kurekodi kinatosha, kikiwa na kofia ya manyoya juu ya maiki, kwa kuwa sifongo peke yake haizuii upepo wa kiangazi wa Ruaha. Weka 48 kHz na biti 24, na kiwango cha juu cha sauti kisipite desibeli -12. Baada ya kuzima injini subiri dakika kadhaa. Chuma kinapopoa kinalia tik, tik, tik, na maiki inakisikia kabla yako. Zima redio koli. Zima jokofu dogo la vinywaji lililoko nyuma ya gari la watalii, ambalo kila mmoja huwa amelisahau na linaguguma ndani ya kila rekodi. Vua koti la nailoni. Kisha rekodi dakika mbili nzima bila mtu kusema wala kusogea, alfajiri moja, adhuhuri moja na jioni moja, kila mahali unapopiga picha. Dakika hizo mbili ndizo zitakazolaza shoti zako zote juu ya kitanda kimoja wakati wa kuhariri.

Jambo dogo ambalo wahariri wengi hawalijui: kuna kitufe cha kukata sauti za chini, kwa kawaida kuanzia 80 Hz, nacho hubonyezwa kwa mazoea ili kuondoa mvumo wa upepo. Mnguno wa tembo unaishi kwa kiasi kikubwa chini ya hapo, na sehemu yake sikio la binadamu halifikii kabisa. Ukibonyeza kitufe hicho bila kusikiliza, umemfuta tembo. Kata upepo pale ulipo tu, na mwisho sikiliza mchanganyiko wako kwenye spika ya simu ya kawaida, maana huko ndiko watu watakakoisikilizia. Spika ile haina besi. Kama hadithi yako inategemea mnguno, mtazamaji wa simu hatausikia, basi muonyeshe masikio ya tembo mwingine yakitanuka kwa kusikiliza.

Maneno nayo yapimwe. Msimulizi wa Kiswahili akisema kwa utulivu hutamka maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Filamu ya dakika nne isizidi maneno 220, ili nusu ya muda ibaki kwa mto. Waandishi wengi huandika kwanza kwa Kiingereza kisha wanatafsiri. Tafsiri inarefuka, msimulizi anakimbia, na sentensi zinatoka zimepinda. Andika kwa Kiswahili tangu mwanzo, soma kwa sauti ukitazama picha, na kila neno linalorudia kile jicho linachokiona likate. Usiseme "tembo anachimba shimo" wakati anachimba. Sema lile ambalo picha haiwezi kusema: kwamba chini ya mchanga mkavu mto bado upo, na kwamba tembo anajua achimbe wapi.

Studio si lazima. Gari lililofungwa vioo, limeegeshwa mbali na barabara, lenye nguo na mablanketi nyuma, ni chumba kizuri cha kurekodi. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo, kwa sababu lugha yetu imejaa "p" na "b" na kila "pembe" na "porini" itapuliza kama mtu anazima mshumaa.

Na majina, jamani, majina. Kila wiki tunaona duma akiitwa chui. Duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni kama machozi, na madoa yake ni nukta moja moja. Chui hana machozi, na madoa yake yamejikusanya kama maua. Tunaona "swala" likitumika kwa kila chenye pembe. Ruaha ina sifa adimu ya kuwa na tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala na korongo, wote ndani ya hifadhi moja. Pembe za tandala zinajiviringa kama skrubu, za palahala zinarudi nyuma kama upinde. Mbwa mwitu wa Ruaha, mwenye mabakabaka na masikio ya duara, si yule wa vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa kutoka Ulaya. Lugha inayo majina haya yote. Kuyatumia vibaya mbele ya maelfu ya watoto ni kuyaua, na inatuuma.

Rangi hatutasema mengi. Majani ya Ruaha mwezi Septemba ni makavu, ya rangi ya ngozi ya simba. Mhariri anayeyageuza kijani ili yapendeze anamdanganya mgeni atakayelipa nauli kutoka Mwanza au Mombasa akitegemea bustani. Ukavu ule una uzuri wake, na bila ukavu shimo la tembo halina maana.

Droni inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu vijana wanaiona kama ndiyo filamu yenyewe. Huwezi kuirusha ndani ya hifadhi kwa hiari yako. Kuna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna idhini ya upande wa ulinzi, na kuna ruhusa ya TANAPA wenyewe, shirika la hifadhi za taifa. Lakini hata mwenye vibali vyote afikirie hili: hapa nchini askari wa wanyamapori wametumia droni kuwafukuzia tembo kwenye mashamba ya wanakijiji, na wanakimbia kweli. Chombo kinachomfukuza tembo shambani hakiwezi kumwacha ametulia kisimani. Ile shoti ya kundi la tembo wakikimbia bondeni kutoka juu, yenye kupendwa sana, mara nyingi ni picha ya wanyama walioogopeshwa na mpiga picha, ndama wakiwemo. Droni ipige mto usio na kitu, asubuhi na mapema, mara moja, ishuke.

Kwa vibali vingine, anayepiga picha za kumbukumbu yake ni mgeni kama wageni wengine. Anayetengeneza filamu ya kuuza, kurusha kwenye runinga au kutangazia biashara lazima apitie Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na marekebisho yake, na aombe kibali cha kupiga filamu TANAPA, makao makuu yakiwa Arusha. Barua iwe na muhtasari wa filamu usiozidi ukurasa mmoja, orodha ya watu, orodha ya vifaa, tarehe, na majina ya maeneo. Wengi hukwama getini kwa sababu moja: wameandika "Ruaha" bila kusema wapi na lini, au wamekuja na mtu wa ziada ambaye hayumo kwenye orodha. Muziki nao una mwenyewe. Wimbo wa msanii utumike kwa maandishi yake, na Ofisi ya Hakimiliki ipo kwa ajili hiyo. Vinginevyo filamu itazimwa sauti siku ya pili baada ya kuipandisha mtandaoni.

Ndani ya hifadhi sheria zinajulikana, ila kamera huwasahaulisha watu. Gari halitoki njiani. Mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa. Mtu hashuki ila sehemu zilizoruhusiwa. Usiku hakuna kuzurura. Kwenye kisima cha tembo, kaa upande ambao si njia yao ya kuingilia wala kutokea, na ukifika kwanza usisogee tena. Tembo akisimamisha kichwa, akatanua masikio na kukutazama, umekaribia mno, rudi nyuma taratibu. Kama ni faru, huko Mkomazi au kwingine, zima kabisa kipengele cha mahali kwenye simu na usionyeshe kilima, kibao wala makutano ya njia. Jangili naye anatazama filamu.

Vifaa vina adui wawili, vumbi na mbung'o. Lenzi ibadilishwe ndani ya mfuko, madirisha yakiwa yamefungwa, kamera ikiangalia chini. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, lisipanguswe na ncha ya kanga wala fulana, kwa sababu chembe za mchanga zinakwangua kioo na mkwaruzo hauponi. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi na kitu kinachotembea, kwa hiyo vaa kaki au rangi ya majani makavu, na begi jeusi la kamera lifunike. Mpiga picha anayejipiga makofi shingoni hana shoti tulivu.

Picha ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, maana yake kadi ya 64 inajaa kwa dakika zipatazo 85. Kila jioni nakili kwenye diski mbili, kila moja ikae begi lake, na usifute kadi kabla hujafungua faili mbili tatu na kuzitazama mpaka mwisho. Kwa filamu ya dakika nne, yenye shoti kama 40, saa moja na nusu ya picha nzuri inatosha kabisa. Anayerudi na saa 12 za picha kwa kawaida hakujua anatafuta nini, na kuzichambua kutamla wiki mbili.

Wakati wa kuhariri, ule muda wa kungoja usiukate. Tembo amesimama, shimo liko wazi, maji yanapanda kwa kiasi cha kidole: mpe sekunde 12 bila neno. Ndama anayejaribu mkonga wake bado hajajua kuutumia, anaishia kupiga magoti anywe kwa mdomo: mpe nyingine kumi. Shoti ya mwisho iwe shimo lenyewe jioni, limezungukwa na nyayo za miguu ya kila aina, sauti ya kanga ikiondoka. Ukitaka kuongeza jambo moja la kibinadamu, sema kwamba maji ya mto huo huo, yanapofika, ndiyo yanayokwenda Mtera na Kidatu, mitambo yenye uwezo wa megawati 80 na 204, na ni sehemu ya umeme unaochaji simu ambayo mtu anaitazamia filamu hii. Sentensi mbili tu zinatosha.

Filamu ikikamilika, toa faili mbili. Moja ya 1080 kwa megabiti 8, ambayo kwa dakika nne ni megabaiti 240. Nyingine ya 720 kwa megabiti 2, megabaiti 60, kwa ajili ya mwenye bando la siku. Ukitoa ile kubwa peke yake, watu wa mjini wenye intaneti ya ofisini ndio watakaoiona, na yule wa Pawaga anayeishi jirani na tembo hao hatawaona.

Tuna ombi moja kwa wenye mabasi wanaosoma gazeti hili. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50. Kila siku maelfu ya Watanzania wanapita hapo bila kulipa kiingilio, tembo, twiga na nyati wakiwa mita chache kutoka dirishani, huku skrini ya basi ikionyesha mapigano ya filamu ya nje. Filamu ya dakika nne kuhusu Mikumi ingeweza kuwekwa basi likifika Doma, kabla halijaingia hifadhini: kwa nini pundamilia husimama karibu na lami, ni miti ipi hiyo mikumi iliyoipa hifadhi jina, kwa nini dereva anapunguza mwendo na kwa nini chupa isitupwe dirishani. Atakayeitengeneza akumbuke kuwa injini ya basi inameza sauti zote nzito, kwa hiyo maneno yaandikwe pia chini ya picha, mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, nyeupe zenye ukingo mweusi, kubwa kiasi cha kusomwa na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Na shoti ya mwisho iwe fupi, ili abiria wawahi kugeuka dirishani.

Wapiga picha na wahariri wa video,
Iringa